Kazi ya muhula ya usanifu wa gemu na wahusika wa kidijitali: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Mbukwenyi! Muhula wa pili ukianza tu, simu yangu inajaa. Wengi ni wadogo zangu wa hapa Dodoma waliopewa ile kazi: tengeneza mhusika mmoja wa kidijitali, mwingize kwenye gemu dogo linalochezeka, andika ripoti, kisha simama mbele ya jopo ujitetee. Mimi niliifanya, nikaivuruga, nikairudia. Nimechoka kutuma sauti za dakika saba WhatsApp, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa yote. Gemu langu linaitwa Ndoo, na mhusika wake ni Sechelela, msichana wa miaka 12 anayeteka maji. Nitamtaja mara nyingi kwa sababu ndiye ninayemjua hadi mifupa, maana niliipanga mwenyewe, yote 22.

Hii kozi si ni ya kucheza magemu tu?

Swali hili huulizwa na wazazi, halafu mnalileta kwangu. Mwambie mzee kwamba katika muhula mzima nilicheza gemu langu mwenyewe mara mia kadhaa, na mara zote nilikuwa natafuta kosa. Kama huo ni mchezo, basi na anayeonja mboga jikoni yuko harusini.

Dada, mimi sijui kuchora. Nihame?

Usihame. Kinachopimwa kwanza ni jicho, mkono unafuata.

Ukipata nauli, nenda Kolo, njia ya Kondoa kuelekea Babati, ukaone michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wale watu wa rangi nyekundu ni warefu, wembamba kama fito, wengine wana vichwa vikubwa vya duara. Hawana macho wala pua. Hata hivyo ukisimama pale unajua huyu anatembea, yule kajiinamia, hawa wawili wanamvuta wa katikati. Aliyechora alitegemea umbo peke yake, na hadi leo tunamwelewa.

Sasa fanya hivi. Mhusika wako mjaze weusi mtupu, asibaki na jicho wala nguo. Mpunguze hadi awe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, maana kwenye simu ndivyo atakavyoonekana. Mwoneshe mtu asiyesoma kozi yako umwulize: huyu ni nani, anafanya nini? Akikuambia "mtu amesimama", rudi mezani. Mimi nilichora vivuli 30 kabla ya kumpata Sechelela. Aliyeshinda alikuwa na ndoo kichwani, mkono mmoja umepanda kuishika na mwingine umeachwa mbali na mwili kwa ajili ya mizani. Mpwa wangu wa miaka sita alimwangalia mara moja akasema, "Anatoka bombani." Nikafunga daftari.

Nianze na mhusika au nianze na gemu?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili.

Mimi nilianza na mhusika. Wiki sita nilichora shujaa: mkuki, ngao, shanga shingoni safu kwa safu, shuka linapepea. Shanga nilizitengeneza moja moja. Wenzangu walipita nyuma ya kiti changu wakapiga picha. Siku ya kuonesha maendeleo, mwalimu akaangalia, akanyamaza, akauliza: "Anafanya nini huyu?" Nikajibu, "Anapendeza." Darasa likacheka. Nilipata 11 kati ya 20, na kusema kweli hata hizo 11 zilikuwa za huruma.

Shida haikuwa uzuri wake. Shida ni kwamba hakuna hata kitu kimoja mwilini mwake kilichotokana na anachokifanya mchezaji. Alipokimbia, shanga zilipita ndani ya kidevu. Ngao ilifunika mkono uliotakiwa kurusha mkuki. Shuka lilihitaji hesabu za kitambaa ambazo kompyuta yangu ilizifanya kwa kuunguruma kama mashine ya kusaga.

Nilipoanza upya niliandika kitenzi kimoja juu ya karatasi: KUBEBA. Mchezaji anabeba maji kutoka kisima cha mchangani, kile kinachochimbwa kwenye mto uliokauka, hadi nyumbani. Ndoo ni ya lita 20, yaani kilo 20 za maji kichwani kwa mtoto. Akikata kona ghafla, yanamwagika. Akiruka shimo, yanamwagika zaidi. Alama ni lita zinazofika.

Kitenzi kikishakuwepo, mhusika anajichora mwenyewe. Shingo iwe wima. Hatua ziwe fupi. Mkono mmoja una kazi, kwa hiyo hawezi kushika kitu kingine, na hapo tayari umepata kanuni ya mchezo bila kuitafuta. Kichwani pawe na ngata, na ngata iwe ya khanga iliyosokotwa. Miguuni yeboyebo, kwa sababu mchanga wa mtoni saa saba mchana unaunguza. Na ndoo iwe wazi juu, kwa sababu dumu lenye kifuniko halimwagi maji, na maji yasipomwagika gemu hakuna.

Kwa hiyo kwanza kitenzi, halafu umbo, halafu ndiyo hizo shanga kama bado unazihitaji.

Hati ya usanifu iwe kurasa ngapi?

Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 34 na haikusomwa na mtu, mimi mwenyewe nikiwemo. Ya pili ilikuwa nne: mchezaji anafanya nini, anashindwaje, anajuaje kwamba anashindwa, na mchoro wa njia nzima kwa mkono. Sura ya "historia ya ulimwengu wa mchezo" unayotaka kuiweka, iweke mwishoni kama utakuwa na usingizi wa kuchezea.

Mwalimu anatutaka tuchambue mchezo wa jadi. Bao linahusikaje na kompyuta?

Linahusika sana, tatizo ni kwamba wengi wanaandika aya moja ya "mababu zetu walicheza bao" kisha wanaruka. Kaa kijiweni uangalie.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika namua, yaani awamu ya kwanza, kila zamu unaingiza kete moja. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, na sasa mnacheza kwa zilizomo ubaoni tu. Tazama kilichotokea hapo: ubao ni uleule, kete ni zilezile, lakini mtu mwenye akili ya namua akiingia nayo kwenye mtaji analiwa. Mchezo umegeuka na hakuna kitu kipya kilicholetwa mezani.

Niliiba wazo hilo zima. Kwenye Ndoo, unakwenda kisimani na ndoo tupu: unakimbia, unaruka, unazoea njia. Unarudi na ndoo imejaa kwa njia ileile, na lile shimo ulilokuwa unaliruka kwa mbwembwe sasa ni adui. Sikutengeneza ramani ya pili. Mwalimu aliandika pembeni "vizuri" kwa kalamu nyekundu. Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Kompyuta yangu ina ramu ya GB 4. Niombe nyumbani wanitumie hela?

Subiri kwanza. Yangu ilikuwa hiyohiyo, ya mtumba, na betri iliyokufa. Watengenezaji wa Blender, programu ya kuchonga modeli, wanataka angalau GB 8, lakini mhusika mmoja mwepesi anatengenezeka kwenye 4 ukifunga kivinjari na kila kitu kingine. Shida kubwa huwa ni kadi ya picha. Kuanzia Blender 4.0, kwenye Windows na Linux inadai OpenGL 4.3, yaani lugha ambayo programu hutumia kuongea na kadi ya picha; kompyuta nyingi za zamani haziifikii, na programu inakataa kufunguka. Chukua toleo la 3.6, ambalo linaridhika na OpenGL 3.3. Usione aibu, jopo haliulizi toleo.

Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, ikiingia, kama itabaki chochote baada ya madeni ya mama ntilie, nunua kipanya cha vitufe vitatu kabla ya kitu kingine. Kuchonga modeli kwa kusugua kidole kwenye padi ni adhabu. Tableti ya kuchorea ni nzuri, ila si lazima: vivuli vyangu 30 nilivichora kwa penseli nikavipiga picha kwa simu.

Programu gani? Na za bure si zina virusi?

Krita kwa kuchora, Blender kwa modeli na mwendo, Godot kwa gemu lenyewe. Zote ni za bure kihalali. Virusi mnavipata kwenye zile "zilizokrakiwa" mnazopeana kwa flashi, msizisingizie hizi.

Kuna kisa kinanifurahisha kuhusu Blender. Kampuni ya Ton Roosendaal wa Uholanzi ilipofungwa, wawekezaji walikubali kuachia msimbo wake kwa euro 100,000. Mwaka 2002 watumiaji walichanga, na ndani ya wiki saba fedha zikatimia. Yaani unatumia kitu kilichokombolewa kwa mchango, kama harusi. Godot nayo ilianzia Argentina, kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikawekwa wazi mwaka 2014 kwa leseni ya MIT. Ukiuza gemu lako kesho hudaiwi hata senti.

Kuhusu bando: Godot haifiki MB 200, Blender ni mamia ya MB, ipakue kwa bando la usiku. Unreal, programu nyingine ya kutengenezea magemu, ni makumi ya GB. Mwenye kukushauri uanze na Unreal mwombe pia akununulie bando na kompyuta.

Nimechora Mgogo, mwalimu anasema anafanana na Mmasai. Nifanyeje?

Mwalimu ana sababu, na wewe una sababu. Wagogo na Wamasai wamepakana, wamepiganiana ng'ombe na wameazimana mavazi kwa vizazi. Mashuka mekundu, shanga na masikio yaliyotogwa utayakuta pande zote mbili. Kwa hiyo ukichora "kabila" kwa kumtundikia mtu vitu, utaishia kwenye kadi ya posta.

Acha kabila, chora mtu. Nilikaa asubuhi mbili soko la Majengo na daftari dogo. Nikamwona mama mmoja kafunga khanga juu ya sweta, kwa sababu Dodoma mwezi wa saba asubuhi kuna baridi ya kweli, watu wa Pwani hawaamini. Mzee mmoja alivaa koti la suti, chini katambuga za tairi, fimbo kaipitisha nyuma ya shingo na mikono yote miwili imening'inia juu yake. Mkao ule wa fimbo peke yake unakupa mchungaji kabla hujamvika kitu. Bibi mwingine alikuwa na alama ya duara kwenye paji la uso, kama walivyo baadhi ya wazee wa Kigogo, na mkononi simu ya tochi. Vitu hivyo viwili kwa mtu mmoja: nani angevibuni?

Na mandhari vilevile. Hapa hakuna nyika ya manjano yenye simba kila kona. Kuna mibuyu, mawe makubwa yaliyopangana kama ya Mlima Simba, vumbi jekundu, mashamba ya zabibu, na vijijini bado zipo nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo. Tembe ni zawadi kwa mtengeneza gemu: umbo la sanduku, pembetatu chache (ndizo vipande vinavyounganishwa kupata modeli yoyote), na paa lake unaweza kulipanda.

Omba ruhusa kabla ya kumchora mtu wazi. Mimi nilisema "Shikamoo mama, ninajifunza kuchora, naomba nikuchore," na mara zote mbili nilikubaliwa, mara moja kwa sharti la kununua mchicha.

Ngozi ya mhusika wangu inatoka kama majivu. Mafunzo yote ya mtandaoni ni ya watu weupe.

Hili linawasumbua wengi, na kosa huwa ni moja: unachukua rangi ya ngozi, unaongeza nyeusi upate kivuli, unaongeza nyeupe upate mwanga. Nyeusi na nyeupe zikichanganywa na kahawia zinaleta kijivu. Ndiyo majivu yenyewe.

Kivuli kipeleke kwenye wekundu au zambarau iliyoiva. Upande unaopigwa na jua upeleke kwenye dhahabu. Kisha kumbuka ngozi nyeusi inaonesha mng'ao kuliko nyeupe: kwenye paji, mfupa wa shavu na bega mng'ao unakuwa mdogo na mkali, na rangi yake inatoka kwa kile kinachong'aa juu yake. Chini ya anga tupu la Dodoma, mng'ao wa bega una ubuluu kidogo. Na chini ya kidevu, pale unapotaka kuweka giza, ardhi nyekundu inarudisha mwanga wake. Simamisha rafiki yako nje saa nne asubuhi umtazame chini ya taya. Utaona wekundu ambao hukuwahi kuuona. Nilipoweka huo mstari mmoja wa udongo chini ya kidevu cha Sechelela, ndipo alipokuwa na mahali pa kuishi.

Nywele: usijitese. Nilimnyoa kama mwanafunzi wa shule ya msingi, nikaokoa wiki mbili. Ukitaka kumsuka, twende kilioni ni rahisi kuliko afro, kwa sababu mistari ya msuko unaipaka kwenye picha ya ngozi ya kichwa na unachonga ncha za nyuma tu.

Pembetatu ngapi zinatosha? Picha za kumvalisha ziwe kubwa kiasi gani?

Kwa simu za kawaida, elfu tatu hadi elfu kumi kwa mhusika mkuu. Sechelela ana 4,200, na karibu 600 ziko kwenye mkono ulioshika ndoo, kwa sababu ndiko macho yanakokwenda.

Ile picha bapa inayovalishwa modeli, tekscha, ndiyo inayoua simu kimyakimya. Piga hesabu: pikseli 1024 kwa 1024, kila moja baiti nne, ni MB 4 za kumbukumbu kabla ya kubanwa. Ukienda 2048 ni MB 16. Ukienda 4096 ni MB 64, kwa ajili ya mtu mwenye ukubwa wa ukucha! Mimi nilianza na hiyo ya 4096, simu ya dada yangu ikapata joto la pasi, gemu likajifunga. Nikashuka hadi 1024 na hakuna aliyegundua tofauti.

Ulisema kuna kisa cha khanga. Kipi?

Nilidhani mmekisahau.

Khanga ina pindo, mji na jina. Nguo ya Sechelela niliishona kwa khanga, na jina nikaandika "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ili kuokoa nafasi kwenye tekscha nilifanya kama wanavyofanya wote: nikachonga nusu ya mwili, nikaigeuza kama kwenye kioo ipatikane nusu ya pili, na nusu zote zikatumia eneo lilelile la picha. Akili sana. Nikapeleka kwa shangazi yangu Chamwino aone. Shangazi hajawahi kucheza gemu lolote, lakini khanga anazo sanduku zima. Alizungusha skrini kidogo, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii khanga imevaliwa ndani nje?"

Ubavu wa kushoto maandishi yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Walimu wawili walikuwa wamepita hapo bila kuona.

Dawa: kitu chochote chenye maandishi au nembo kipe eneo lake peke yake kwenye tekscha, kisigeuzwe. Vingine vyote, soli, masikio, mikono ya sweta, geuza upendavyo.

Akiinua mkono, bega linakunjamana kama karatasi.

Umemchonga mikono ikiwa imenyooka pembeni kama msalaba, halafu maisha yake yote ataishi mkono ukiwa juu au chini. Mchonge katika mkao ulio katikati ya miendo yake. Mikono ya Sechelela nilichonga imeshuka nyuzi 45. Kiwiko na goti vipe mizunguko mitatu ya mistari, si mmoja. Kisha kapake upya uzito wa mifupa kwapani, yaani kiasi ambacho kila mfupa wa modeli unavuta ngozi: mfupa wa mkono wa juu haupaswi kuvuta ubavu. Unaona kama kwapa linatafuna nguo? Ni hapo.

Na mwendo wenyewe, tafadhali nenda foleni ya bomba ukaangalie. Mtu anayetembea bila mzigo kichwa chake kinapanda na kushuka mara mbili katika kila hatua mbili. Aliyebeba ndoo, kichwa kinateleza usawa mmoja kana kwamba kiko kwenye reli. Kazi yote ya kupanda na kushuka inamezwa na magoti na kiuno. Mzunguko wangu ni fremu 24, sekunde moja kwa hatua mbili, na niliutupa mara nne kabla ya kuacha kutikisa kichwa. Pale bombani pia ndipo nilipoona wanaweka tawi la majani juu ya maji yasichezecheze. Nikaliingiza: ukipinda njia kwenda kwenye mti, unapata majani na unamwaga kidogo, lakini umechelewa.

Nikimpeleka Godot anatokea mkubwa kama jengo, au amelala kifudifudi.

Kwenye Blender mchague, bonyeza Ctrl+A, thibitisha ukubwa na mzunguko, ndipo umtoe kwa faili la glb. Kipimo kimoja ni mita moja. Msichana wa miaka 12 awe kama 1.5. Basi.

Nimjaribishie nani?

Usiwajaribishie wenzako wa darasani, watakusifia ili nawe uwasifie. Mimi nilikwenda kwa muuza chipsi jirani na hosteli. Watu wamesimama dakika kumi wakisubiri zege, hawana la kufanya, na hawakujui. Unampa simu, unasema "naomba unijaribie", halafu unafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Kijana mmoja alizunguka mti mara tano akidhani ni mlango, na mimi nauma ulimi.

Kati ya watu wanane, watano hawakujua maji yanapungua, kwa sababu kipimo niliweka chini kushoto, palepale kidole gumba kinapofunika. Nikakipandisha juu, na nikaongeza sauti ya maji kumwagika. Mmoja akakimbia njia nzima, akafika na lita tatu, akacheka peke yake na kuanza tena huku chipsi zake zinapoa. Hiyo niliiandika kwenye ripoti neno kwa neno. Ilinipa alama kuliko kurasa zote za nadharia.

Naweza kutumia vitu vya mtandaoni? Na picha za akili bandia?

Vitu vya mtandaoni ndiyo, ukisoma leseni. Vya Kenney na Poly Haven, tovuti za vitu vya bure, vina leseni ya CC0, unatumia hata bila kutaja, ingawa kutaja ni adabu. Vyenye leseni ya CC BY lazima umtaje aliyevitengeneza. Picha uliyoikuta tu kwenye utafutaji si yako; hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeitengeneza hata kama hajaandika jina.

Akili bandia: muulize mwalimu wako kwanza, kisha andika wazi ulichotumia. Mimi nilijaribu mara moja kuiomba msichana wa Kigogo wa Dodoma. Ikaniletea mkufu wa Kimasai, mti wa mgunga, na nyuma yake Kilimanjaro imejaa theluji. Kilimanjaro, kutoka Dodoma! Ndiyo maana nikaenda Majengo.

Muziki nitoe wapi?

Tuna zeze, tuna ilimba, tuna ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama. Mtafute mpigaji, mlipe chochote, mrekodi kwa simu mkiwa ndani ya chumba chenye magodoro na mapazia, na mwandikiane karatasi kwamba amekubali itumike kwenye gemu. Sheria hiyohiyo inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo neno "ni la asili, halina mwenyewe" lisikutoke mbele ya jopo.

Umeme ukikatika?

Utakatika, na usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ndio unaoupenda. Blender inajihifadhi yenyewe kila dakika mbili. Ukiwasha tena, ingia menyu ya faili, tafuta sehemu ya kurejesha. Kilichoniumiza mimi ni flashi. Niliichomeka stesheneri moja nikachapishe ripoti, ikarudi na mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Kazi ya siku tisa. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya rafiki, na kwenye akaunti ya mtandaoni. Ripoti ya kuchapisha peleka kama PDF kwa simu, flashi yenye mradi isitoke mkobani.

Mwenzetu kwenye kikundi haonekani.

Mpe kitu kimoja kidogo chenye jina na tarehe: "sauti ya maji, Alhamisi". Asipoleta, mna ushahidi. Akileta, mna sauti ya maji.

Siku ya utetezi wanauliza nini?

Kwangu waliuliza matatu. Kwa nini ndoo na si dumu? Ungepewa wiki mbili zaidi ungeondoa nini? (Si ungeongeza, ungeondoa, nilibabaika hapo.) Na la tatu, mama mmoja wa jopo aliomba acheze mwenyewe. Alicheza akiwa kimya, akafika na lita 17. Akasema utotoni kwao alikuwa hamwagi hata kidogo. Hakikisha simu ya kuonesha imejaa chaji na umezima meseji. Za kwangu ziliingia mbili, zote za kunikumbusha deni.

Kuna ajira?

Studio za magemu bado ni chache. Lakini anayeweza kuchonga mtu na kumtembeza anahitajika kwenye matangazo, katuni za elimu kama wanazofanya Ubongo pale Dar es Salaam, na kwenye ofisi za wasanifu majengo ambao michoro yao haina watu wenye sura kama zetu. Mimi kwa sasa nalipwa kuwatembeza watu ndani ya nyumba ambazo hazijajengwa.

Dada, naomba faili la Sechelela nijifunzie.

Nitumie ujumbe nitakupa. Lifungue, lizungushe, mvunje mkono umuunge. Ukimkabidhi kama wako nitajua, na mwalimu wako atajua, kwa sababu amemuona miaka mitatu mfululizo. Mpangilio wa ndani ni mchafu kidogo. Ile ngata kichwani niliichonga kutoka kwenye umbo la donati, kwa hiyo utaikuta imeandikwa "donati_mwisho_kabisa_2". Iko pia "donati_mwisho_kabisa_3", lakini hiyo usiiguse, ikifutwa ndoo inaanguka.